Kinachoila Betri Yako

Mabibi na mabwana, bado nasikia watu wakishauriana: iache simu izimike kabisa, ndipo uichaji hadi ijae. Ushauri huo ulizifaa betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Betri za simu za leo ni za ayoni za lithiamu, yaani chembe za lithiamu zenye chaji ya umeme; zilianza kuuzwa mwaka 1991, na ushauri huo unaziumiza.

Tuingie ndani ya betri yenyewe. Ayoni za lithiamu huenda na kurudi kati ya pande mbili, na upande mmoja ni wa grafiti, aina ya kaboni. Betri inapochajiwa kwa mara ya kwanza, grafiti hiyo huota utando mwembamba sana. Utando huo ndio kinga yake, na bila huo betri haidumu. Tatizo ni kwamba unaendelea kunenepa mwaka hadi mwaka, na kila unaponenepa humeza lithiamu isiyorudi tena kazini. Ndiyo maana simu iliyokuwa ikifika usiku sasa inazimika alasiri.

Mambo mawili huuchochea utando huo unenepe: joto, na kukaa muda mrefu na chaji iliyojaa, pale seli ya betri inapofika karibu volti 4.2. Yakikutana, kama simu iliyojaa ikiendelea kuchajiwa chini ya mto usiku kucha, uharibifu huenda mbio. Kwa hiyo nawasihi: kama simu yako ina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe leo. Ivue kava ikipata moto. Kifaa unachokiweka kabatini kiache na chaji nusu hivi.

Lakini tusimtwishe mtumiaji mzigo wote. Hata betri iliyotunzwa vizuri itachoka, na mtengenezaji aliyeigandisha kwa gundi ndiye anayekulazimisha utupe simu nzima ambayo kioo na saketi zake bado ni vizima. Hilo linaniudhi, hasa nikikumbuka kwamba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika betri nyingi za aina hii, huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tena baadhi yake kwa mikono, katika mashimo ya hatari. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027, vifaa vinavyouzwa huko, isipokuwa vichache, viwe na betri ambayo mtumiaji anaweza kuitoa mwenyewe. Nchi nyingine zina haki ya kudai vivyo hivyo.

Na betri iliyovimba? Usiitoboe, usiichaji, usiitupe jalalani, maana inaweza kuwaka. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Kobalti na nikeli yake huyeyushwa na kutumika upya.