Wema wa Biashara Huanzia Kwenye Mizani

Ndugu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mfanyabiashara husikika sana kanisani siku ya harambee. Huitwa mbele, ahadi yake ikasomwa, vigelegele vikapigwa. Hakuna ubaya hapo. Ila mazoea hayo yametuachia fundisho bovu, kwamba biashara yenyewe ni shughuli ya kidunia tu, na inapata thamani mbele za Mungu pale faida yake inapoingia kwenye kapu la sadaka. Fundisho hilo ndilo ninalolipinga leo. Mtu anayenunua mahindi Songea, akayafikisha Dar es Salaam yakiwa makavu, akayapima sawasawa na kuyauza kwa bei ya haki, ametenda jema kabla hajatoa hata shilingi moja ya sadaka.

Someni Mithali 11:26: "Azuiaye nafaka, watu watamlaani, bali baraka itakuwa juu ya kichwa chake auzaye." Auzaye, siyo agawaye. Andiko linambariki mtu aliyefungua ghala na kupokea malipo yake wakati wa uhaba. Lidia wa Thiatira aliuza nguo za zambarau, na hatusomi popote kwamba alipobatizwa aliambiwa aache. Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Prisila kule Korintho. Katika karne ya 13, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijiuliza kama ni dhambi kununua kitu na kukiuza kwa bei ya juu zaidi. Akajibu kwamba faida kwa asili yake si njema wala si ovu. Inakuwa halali mtu akiitafuta kwa lengo la haki: kulisha nyumba yake, kusaidia wahitaji, kuhakikisha nchi haikosi mahitaji, au kama ujira wa kazi yake.

Sasa tuingie sokoni, maana wema huu hupatikana au hupotea kwenye mambo madogo.

Walawi 19:35-36 inadai mizani ya haki, mawe ya haki, efa ya haki (kipimo cha nafaka) na hini ya haki (kipimo cha vitu vya majimaji). Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kubeba mfukoni mawe mawili, kubwa na dogo. Kubwa la kununulia, dogo la kuuzia. Siku hizi jiwe kubwa linaitwa lumbesa. Kanuni za vipimo Tanzania zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kwa viazi, kanuni za Kenya za mwaka 2019 ziliweka kilo 50. Lakini mnunuzi anafika shambani na gunia lililoongezewa kilemba cha wavu juu, viazi vinajazwa hadi kilo 130, na bei ni ya "gunia". Hata kwa kipimo cha kilo 100, mkulima mwenye magunia 20 ya namna hiyo ametoa kilo 600 bila malipo. Gunia sita kamili.

Wengine hujitetea kwa Luka 6:38, kile kipimo cha kujaa na kushindiliwa na kusukwa-sukwa hata kumwagika. Andiko hilo linaanza na neno "wapeni". Ni agizo kwa mwenye kutoa, atoe kwa ukarimu. Anayemlazimisha mkulima kumwaga viazi vyake juu ya gunia ametumia maneno ya Bwana kumpunja jirani.

Lakini wakulima nao wasikilize. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukiuza kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, mahindi makavu kabisa yaliyomo ni kilo 82. Yakikaushwa hadi 13.5, mnunuzi anabaki na kilo 95 hivi: kilo tano alizolipia zilikuwa maji. Tena yakikaa hivyo ghalani huota ukungu, na ukungu huo unaweza kuzalisha sumukuvu inayodhuru ini la mlaji. Basi anayeyanyunyizia maji apate uzito anaiba na kuhatarisha uhai wa mtu kwa tendo moja. Nabii Amosi, sura ya 8, aliwakemea waliopunguza efa na kuuza takataka za ngano. Aliyataja makosa hayo pamoja na kuwanunua maskini kwa jozi ya viatu. Kwake si makosa madogo, na kwetu yasiwe.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mizani iwe na stika hai ya Wakala wa Vipimo. Iwekwe mahali pa sawa, isome sifuri kabla ya kupakia, na uso wake umwelekee mteja. Uzito wa gunia tupu au karai uondolewe. Debe lililobonyezwa kitako litupwe, lisihamishiwe kwenye meza nyingine.

Kuhusu kasoro za bidhaa, Tomaso wa Akwino alizitaja za aina tatu: kitu chenyewe si kile kilichotajwa, kipimo chake kimepungua, au ubora wake si ule ulioahidiwa. Anayeuza akijua anatenda dhambi. Aliyeuza bila kujua hana hatia, lakini akishagundua anapaswa kumfidia mnunuzi. Hapo wengi wetu hukwama. Umeuza simu ya mtumba, kesho fundi aliyekuuzia anakwambia betri ilikuwa mbovu. Namba ya mteja unayo. Mpigie. Zakayo aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya kwa hila, na ahadi hiyo aliitoa sambamba na sadaka yake. Hakuiacha sadaka imalize deni la watu.

Kupatana bei si dhambi, ikiwa wote wawili wanaijua bei ya soko na wanatafuta pa kukutania. Hata mnunuzi anakemewa: Mithali 20:14 inamtaja asemaye "haifai kitu" kisha akaenda zake akijisifu. Kinachokataliwa ni bei inayopanda kwa sababu mteja ni mgeni au mtoto ametumwa dukani. Wakristo wa Uingereza waitwao Marafiki (Quakers) katika karne ya 17, ambao Kaimosi nchini Kenya kanisa lao lipo tangu 1902, waliamua kutaja bei moja kwa kila mtu. Mwanzoni walipoteza wateja. Baadaye watu waliwaamini kiasi cha kumtuma mtoto kwao bila wasiwasi.

Mikopo nitaigusa kwa ufupi. Katika ile inayoitwa kausha damu, mama lishe anapewa shilingi 100,000 na kurudisha 5,000 kila siku kwa siku 26. Jumla ni 130,000. Wanaiita riba ya asilimia 30, lakini anaanza kurudisha kesho yake, kwa hiyo kwa wastani anakaa na kama nusu tu ya fedha ile. Gharama halisi ni karibu mara mbili ya hiyo asilimia, kwa mwezi mmoja. Kutoka 22:25 inakataza kumfanyia hivyo maskini. Mkopo wa mtaji kwa mtu mwenye uwezo, unaolipwa kutokana na mapato ya biashara yenyewe, ni suala lingine.

La mwisho ni mshahara. Katika waraka wake wa mwaka 1991, Papa Yohane Paulo II alikubali kwamba faida ni dalili ya biashara inayokwenda vizuri. Akaongeza kuwa hesabu zinaweza kuwa safi huku watu wanaofanya kazi humo wakidhalilishwa. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua alipwe siku hiyo hiyo, jua lisichwe akiwa hajalipwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea ujira ule. Kosa la kawaida ni kumlipa kibarua kwa kutegemea mauzo ya jioni. Mvua ikinyesha, mauzo yakashuka, hasara ya duka inakuwa njaa ya nyumba yake. Mwenye vibarua watatu wa shilingi 10,000 kila mmoja atenge 30,000 asubuhi, kabla hajanunua mzigo. Ikiwa mtaji hautoshi kutenga fedha hiyo, siku hiyo aajiri wawili.