Ubao Haulazimishwi

Assalam aleikum. Karibuni, wale wa nyuma sogeeni mbele nafasi ipo, na hicho kipaza sauti kizimeni, kinapiga makelele tu na ukumbi wenyewe si mkubwa. Tangazo limesema ntafundisha kuunda modeli ya meli kutoka mwanzo mpaka matanga. Matanga hatufiki leo, nasema mapema asije mtu akanidai mlangoni. Leo ni mbao za ubavuni, maanake modeli nyingi za mji huu zimekufa hapo, ziko juu ya makabati kuanzia Kibokoni mpaka Kisauni zimefunikwa gazeti, na mwenye nyumba kila Idi anauliza, hii tutupe au bado?

Boksi la modeli mshafungua. Mkuku mnaujua, ule uti wa mgongo wa chombo unaopita chini, na vile vipande vya plaiwudi vinavyosimama juu ya mkuku, mataruma, mshavichomeka na gundi imekauka. Huko sirudi.

Sasa mtu anachukua ubao wa kwanza, zile fito za boksi, tuseme upana milimita 5, unene 1.5. Anaubandika juu kabisa chini ya sitaha, unakaa vizuri. Wa pili chini yake, vizuri. Wa tatu, mashallah, anapiga picha anarusha WhatsApp, watu wanampa pongezi. Akifika wa saba wa nane, pale kwenye omo, mbele ya chombo, ubao unaanza kumkataa. Unataka kupanda juu ya mwenzake. Anausukuma chini kwa kidole, unateremka lakini ukingo wa upande wa pili unainuka. Anatia pini. Anatia superglu. Anatia pini nyingine, na superglu nyingine, na vidole vyake viwili vimeshagandana hapo. Akifika wa kumi na mbili mbao zote za mbele zimepandiana na ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia. Alafu ananipigia simu saa nne usiku, ami, mbao za boksi hili ni mbovu.

Si mbovu! Wallahi nimechoka kujibu simu hii. Mbao ni nzima, wewe hukupima.

Ebu shikeni fito hizo mlizopewa mlangoni, kila mtu achukue moja. Upinde kwa unene wake, hivi, umepinda au sio? Bila hata maji. Sasa uweke mezani ulale, ujaribu kuupinda kwa upana wake, ukiwa umelala hivohivo. Haya. Haupindi, na ukiulazimisha unajinyonga na kuinuka ukingo. Mmeona wenyewe, sikuwadanganya. Basi shida yote ya kupiga mbao iko kwenye huo mchezo mliofanya sasa hivi, mengine yote yanafuata.

Maanake chombo si sanduku. Chukua utepe wa karatasi, ulaze juu ya taruma la katikati kutoka sitahani mpaka kwenye mkuku, utie alama. Tuseme umepata milimita 100. Kwa mbao za milimita 5 hiyo ni mbao 20, sivo? Sasa utepe mwingine, nenda taruma la mbele kabisa, karibu na omo, pima vilevile, sitahani mpaka mkukuni. Utapata, tuseme, 64. Mbao ni zilezile 20, zinatoka nyuma zinakuja mbele, haziwezi kupotea njiani. Ishirini ziingie kwenye 64. Gawanya. Ni 3.2 kila moja. Yaani kila ubao, sio ule wa mwisho peke yake, KILA ubao kuanzia wa kwanza, ukifika mbele lazima uwe umepunguzwa kutoka 5 mpaka 3.2, kidogo kidogo, kuanzia pale taruma zinapoanza kupungua. Wewe umeweka saba za kwanza na upana wake wote, umeshakula milimita 35 kati ya 64, zimebaki 29 za kugawia mbao 13, kila mmoja apate 2.2. Na ubao wa milimita 5 ukiupunguza chini ya nusu yake, chini ya 2.5, ncha inakuwa nyembamba mno, haishiki pini wala gundi, na macho yanaona. Kwa hiyo siku ile unapiga picha ya WhatsApp chombo kilikuwa kimeshaharibika, wewe tu hukujua.

Kwa hiyo unapima kwanza, mataruma yote, moja moja, kabla hujafungua gundi. Kila taruma na utepe wake, unaandika namba. Kugawa utepe katika sehemu 20 huhitaji kompyuta. Chora kwenye karatasi mistari 21 inayoanza pamoja upande mmoja imebanana na inazidi kuachana inavyokwenda upande wa pili, utepe wako unautembeza juu ya mistari, umekaa wima, mpaka alama yako ya juu iguse mstari wa kwanza na ya chini iguse wa mwisho, basi kila mstari unaokatiza hapo ni mpaka wa ubao. Unahamisha alama kwenye taruma kwa penseli. Karatasi moja inatosha chombo kizima.

Sasa nyuma. Nyuma ni kinyume, na hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Vyombo vingi ukifika tezi, ubavu chini unafunguka, ukipima unapata tuseme 115. Mbao zako 20 za milimita 5 zinajaza 100. Ubao hauongezeki upana, utafanya nini na zile 15? Hapo nawauliza watu wa mji wa kale hapa, nani ameshawahi kukaa kwa fundi wa kanzu akamwona anavyokata? Kanzu mwilini ni nyembamba na chini ni pana, na fundi havuti kitambaa, anatia taharizi, kile kipande cha pembeni kinachoanza na ncha juu na kupanuka kinavyoshuka. Basi ubao wa tezi ni huohuo. Unakata kipande chenye ncha upande mmoja na upana upande wa pili, unakichomeka baina ya mbao mbili pale zinapoachana zenyewe. Vitatu hivo umemaliza zile 15. Na ncha isiwe kali sana, ikate butu kidogo, uuchonge pengo ubao wa jirani ikae ndani yake. Acha mbao ziende zinapotaka kwenda, alafu wewe ujaze nafasi. Ukizivuta ili zigusane umerudi kulekule kwenye pini na superglu na simu ya saa nne usiku.

Najua kuna mtu hapa kifuani anasema, huyu mzee anatusumbua na karatasi, mbona mafundi wa Matondoni kule Lamu wanaunda majahazi kwa jicho tu? Nilikuwa naisubiri hiyo. Kwanza jicho lile limelelewa na baba na babu, la kwako limelelewa na simu. Pili, na hii ndo hasa, yule fundi hapewi fito zilizonyooka. Ana gogo la mbambakofi, pana, na ubao uliopinda kwa upana anauchonga ukiwa umepinda hivohivo kutoka kwenye gogo. Yeye pia haulazimishi! Tatu, vyombo vya zamani vya bahari yetu vilitanguliza mbao. Mtepe, ule uliokuwa ukishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ulishonwa ubao kwa ubao kwanza, alafu mataruma yakatiwa ndani kufuata umbo la mbao. Boksi lako limegeuza. Mataruma yameshakatwa na mashine huko Italia au Hispania, umbo limeshaamuliwa, na ubao ndo unalazimika kufuata. Usijilinganishe na yule fundi, yake ni kazi nyingine kabisa, na ngumu kuliko yako.

Na mwingine atasema, nimeona video, jamaa ameupinda ubao kwa upana na mashine ya kukaushia nywele. Kweli, inawezekana. Fito nyembamba ya mbao nzuri, unaibana mezani na jiriwa, ile koleo ya kubania kazi, ikiwa imepindishwa kidogo, unaipiga joto, unaiacha ipoe hapohapo kwenye jiriwa, inabaki na pindo. Kidogo. Yule jamaa alishapima na kupunguza kabla hajawasha ile mashine, ile sehemu ya kupima ameikata kwenye video kwa sababu haina raha kuitazama. Ukijua kupima, joto litakusaidia. Usipojua, utapata ubao wa moto uliopandiana.

Tukiwa bado hapo hapo, nyinyi vijana mnaotaka kuanza na ile frigeti, meli ya vita, ya Wareno kwa sababu mmeona vitu vyake Fort Jesus. Santo António de Tanná, ilizama 1697 hapo mbele ya ngome wakati Waomani wameizingira, na wazamiaji walianza kuichimbua 1977. Nafurahi mnaijua historia. Lakini kilichobaki chini ya maji ni sehemu ya chini ya chombo tu, huko juu itabidi ubuni mwenyewe, na wewe hata fito moja hujawahi kupunguza. Wala usiniletee HMS Victory, ile manowari ya Waingereza iliyoshushwa majini 1765, omo lake limejaa, mbao zinakuja moja kwa moja kisha zinageuka karibu pembe mraba kwenye nafasi ndogo. Anza na chombo chenye omo jembamba, mashua, au skuna, mbao zinaingia taratibu. Baadaye utafanya unachotaka.

Naona muda. Haya mengine ntayapitia mbio.

Kabla ya kupima kuna kusawazisha mataruma, na hili nalisema mbio lakini msilifanye mbio. Plaiwudi imekatwa wima, kingo za mataruma ya mbele na ya nyuma lazima zimegwe kwa mshazari ili ubao ulale juu ya unene wote wa taruma, sio kwenye pembe tu. Msasa uubandike kwenye kipande cha ubao ulionyooka, kisha ulaze ufito juu ya mataruma manne matano, uangalie kwa pembeni. Pakiwa na bonde, tia kibanzi. Pakiwa na mlima, msasa. Kati ya taruma mbili za mwanzo jaza balsa, ule mti mwepesi laini, uichonge, itakusaidia sana kwenye omo.

Ubao moja kulia moja kushoto, zamu kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja mkuku unavutwa, ukishapinda ukiwa na mbao tayari hakuna wa kuunyoosha. Ubao wa chini kabisa, ule unaolala na mkuku, usiuache ukapanda juu kwenye omo, unawaibia nafasi wote wanaofuata.

Maji. Loweka ubao ili upinde, sawa, lakini usiubandike umelowa. Ubane kwenye chombo na vibanio vya nguo, ukauke ukiwa na umbo, ndo utie gundi. Ubao uliolowa umevimba, ukikauka unanywea, na asubuhi unaona mwanga baina ya mbao. Masika hii hapa Mombasa usiuharakishe, unaweza kuhitaji usiku kucha. Gundi nyeupe nayo hukawia kwa unyevu huu. Superglu ni kinyume, inashikana kwa unyevu wa hewa, na sisi unyevu tunao wa bure, kwa hiyo hapa inakugandisha haraka kuliko huko video zinapopigwa. Tia tone tu, na ukimaliza funga chupa.

Nini? Ndio, uliza dada yangu. Anauliza, si kuna tabaka la pili la mbao nyembamba juu, hili la kwanza litafichwa, kwa nini tuhangaike? Swali zuri na ni la mvivu, samahani. Nyufa zitafichwa, hizo jaza na vumbi la msasa na gundi, hakuna atakayejua. Umbo halifichwi. Lile tabaka la pili ni nusu milimita au milimita moja, kila mlima na kila bonde litaufuata. Na hizo mbao za juu nazo zinapimwa upya vilevile, na hizo ndo macho yanaona.

Varnishi? Bado sana. Ila kitu kimoja, gundi ikichuruzika kwenye tabaka la juu ifute papo hapo na kitambaa kibichi, maanake mahali ilipokaukia varnishi haiingii, panabaki doa, na msasa wa kulitoa unakula ubao wote.

Wenye ukumbi wanataka ufunguo wao. Yule aliyesema mataruma yake yameshakwenda upande abaki na chombo chake hapa mbele, nikione. Fito mlizopewa rudisheni kwenye boksi pale mlangoni, si za kwenda nazo nyumbani.