Ala ya Kisu: Acheni Kuipika Ngozi

Asanteni. Tangazo linasema leo nafundisha kushona ala ya kisu. Kushona nitakugusia muda ukiniruhusu, lakini nawaonya mapema: nitazungumzia maji na joto mpaka mnichoke. Wanaonifuata kwa semina hizi wanajua huu ndio wimbo wangu. Ala nyingi ninazoletewa kurekebisha hazina kosa la sindano. Zimepikwa.

Hapa mezani kuna vipande viwili vya ngozi ya ng'ombe. Rangi moja, unene mmoja, milimita 3 na kitu. Muuzaji atakwambia vyote ni ngozi halisi, na hajakudanganya. Ila kimoja kimetengenezwa kwa tanini, ile dawa kali inayotoka kwenye magome ya miti, kingine kwa chumvi za kromi. Sasa natumbukiza vyote kwenye sufuria hii ya maji yanayochemka. Subirini kidogo. Haya, tazameni. Cha kromi kimetoka kama kilivyoingia, kimelowa tu. Hiki cha magome kimejikunja, kimefupika, kimenenepa. Acheni kikauke, mtakivunja kwa mikono.

Najua mnachowaza: basi ya kromi ndiyo bora! Kwa kazi nyingi ni kweli. Tangu Augustus Schultz wa Marekani aliposajili hataza yake ya kutengeneza ngozi kwa kromi mwaka 1884, njia hiyo imeenea mpaka sehemu kubwa ya ngozi duniani leo ni ya kromi. Ni laini, inapatikana haraka, inastahimili maji. Kwa ala ya kufinyangwa, iachie dukani. Sisi tunaitaka hii hii iliyojikunja.

Kwa nini? Ngozi ni msuko wa nyuzinyuzi za kolajeni, protini inayoijenga ngozi. Ile ya magome ukiilowesha, nyuzinyuzi zinalegea na kuteleza, unaweza kuzihamisha kwa kidole. Maji yakitoka polepole, zinashikana pale pale ulipozihamishia, na umbo la kisu linabaki. Ya kromi inakutii ikiwa imelowa, ikikauka inarudi ilikokuwa. Utaibana jioni, asubuhi utakuta mfuko.

Lakini ulegevu huo huo una bei yake. Ngozi ya magome iliyolowa, ikifika kwenye nyuzijoto 70 hadi 85 hivi, kolajeni yake inanywea kama nyama kikaangoni, na hairudi tena. Nimesema iliyolowa! Ngozi kavu huvumilia joto zaidi. Kwa hiyo yule anayechukua ala inayochuruzika maji akaiweka karibu na jiko, amechagua saa ile ile ambayo ngozi haina kinga.

Kuna mtu kila mara ananiambia, "Mwalimu, mbona Ulaya ya zamani walipika ngozi makusudi, wakatengeneza deraya?" Walitengeneza ngozi ngumu kwa maji na joto, ndiyo. Deraya kazi yake ni kupigwa. Ala kazi yake ni kuning'inia kiunoni, kupindwa unapoinama, kubanwa unapoketi. Halafu deraya ikinywea kidogo, aliyeivaa atashusha pumzi. Kisu hakishushi pumzi.

Mwingine anasema anatumia mashine ya kukaushia nywele, "kidogo tu". Hewa ya kawaida, sawa, hata feni ni sawa. Hewa ya moto, hapana. Uso wa ngozi unakauka kabla ya ndani, maji yanakimbilia nje na kubeba tanini, unapata mabaka meusi na uso unaopasuka kwenye mkunjo. Jua kali ni vile vile. Anayeharakisha ili aipige picha jioni hiyo hiyo, mimi sina la kumsaidia.

Basi fanya hivi. Maji ya baridi au vuguvugu. Zamisha ngozi mpaka viputo vipungue kabisa, itoe, ifunge kwenye mfuko wa plastiki kwa saa chache ili unyevu usambae. Ifungue ukaiangalie: rangi imeanza kurudi ya mwanzo, lakini ukiigusisha shavuni bado ni ya baridi. Hapo ndipo. Ikiwa na maji mengi kuliko hapo, alama unayobonyeza inajifuta yenyewe.

Kisu ukizungushie plastiki nyembamba, tabaka mbili, hasa kama ni chuma cha kaboni. Chuma na tanini vikikutana kwenye maji vinatoa weusi, kemia ile ile ya wino wa zamani, nao hausuguliki. Vua pete, kata kucha. Anza pale mpini unapokutana na bapa, kwa sababu mfuo utakaoubonyeza hapo ndio utakaokishika kisu kisichomoke. Tumia mfupa uliosuguliwa au mgongo wa kijiko: pitisha, rudi, pitisha, bila kukwaruza, mpaka ukingo wa mpini uonekane juu ya ngozi. Iache kwenye chumba chenye hewa. Ikishaanza kukakamaa, chomoa kisu ili ndani nako kupumue. Siku nzima, mbili zikibidi.

Naona naonyeshwa saa. Kushona, basi, haraka, na kwa ala ya kukunja kunatangulia kulowesha, pamoja na gundi. Weka kipande cha ngozi katikati ya kingo mbili, upande wa makali, unene usipungue ule wa mgongo wa kisu. Bila hicho, makali yanakata uzi, kisha yanakutafuta wewe. Toboa kwa msharasi, shona kwa sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta. Uzi ukikatika mahali pamoja, mshono wa mashine unaweza kufumuka, huu unashikilia. Kingo: msasa, maji kidogo, sugua kwa mti laini. Mafuta: kidogo sana, na baada ya kukauka kabisa, maana ukiyazidisha unalegeza umbo ulilolihangaikia.

Rangi na kitanzi cha mkanda vimenishinda kwa leo. Lipo lingine moja: kisu msikihifadhi ndani ya ala mwezi mzima. Ngozi hunywa unyevu wa hewani, tanini ni asidi, na mtakuta vidoa vya kutu. Ala ni ya kutembelea. Nyumbani kisu kikae nje, kimepakwa mafuta.

Maswali? Yule wa mashine ya nywele naona ameshanyoosha mkono.