Mkia wa mbayuwayu: mhadhara kwa wachoraji wa Lubumbashi

Jambo yenu, bababa na bamama, na ninyi vijana wa brashi.

Mchoraji akiombwa picha ya mtu anayeacha kwao, mara nyingi huchora ndege aliyetandaza mabawa katikati ya kitambaa, mbingu ya buluu nyuma yake. Picha hiyo haisemi kuondoka. Inasema uhuru, au inafanana tu na nembo ya shirika la ndege. Kuondoka kuna anayekwenda na kuna kinachobaki. Mnyama asiyefungwa na kinachobaki ni pambo.

Tazameni alichofanya mchoraji Marc Chagall mwaka 1911, akiwa Paris, mbali na mji wa Vitebsk alikokulia. Katika picha yake "Mimi na Kijiji", kichwa cha mnyama wa zizini kinatazamana na uso wa kijani wa mwanamume. Ndani ya shavu la mnyama, mwanamke anakamua maziwa. Sogeeni karibu zaidi: kuna mstari mwembamba unaotoka jicho la mnyama hadi jicho la mtu. Ufuteni kwa mawazo, uone kinachobaki.

Mji wetu nao ulijengwa na watu walioacha kwao. Bela, mmoja wa wachoraji wa atelie, karakana ya uchoraji, aliyoifungua Pierre Romain-Desfossés hapa mwaka 1946, alitoka Chad. Alichora kwa ncha za vidole. Mwenzake Pili Pili Mulongoy alituachia ndege, samaki na nyoka wengi. Kwa anayetaka kufuata njia hiyo: nyoka na kiota vikiwa kwenye tawi moja, kiota kimeshakuwa nyumba. Usimchore nyoka akimeza yai. Akishameza, hadithi imekwisha.

Sasa mbayuwayu, maana huyu ndiye anayekosewa zaidi. Ulaya, anapotoweka majira ya baridi yakikaribia, ni ishara ya kuaga. Mabaharia walimchora mwilini kama ahadi ya kurudi nyumbani. Lakini kwetu Katanga anafika na mvua, mnamo Oktoba, na kuondoka Machi au Aprili. Ukimwiga kutoka kadi ya posta ya Ulaya, mtazamaji wa hapa ataona mgeni amefika, si mtoto amekwenda.

Dawa iko mkiani. Mbayuwayu hubadilisha manyoya akiwa huku, na zile nyuzi mbili ndefu za mkia hudondoka, kisha huota upya kabla ya safari ya kurudi. Kwa hiyo mkia mfupi, uliochakaa, ni ndege aliye bado ugenini. Nyuzi ndefu ni ndege aliye tayari kuondoka. Mkia unabeba maana yote, na wengi wanauchora bila kufikiri.

Kwenye kitambaa cha sentimeta 60 kwa 40, ndege asizidi urefu wa kidole. Mweke karibu na ukingo, kichwa kikitazama nje. Kiota kiwe kona ya chini, upande wa pili, na katikati pasiwe na kitu, hata wingu. Mkono utawawasha kutaka kujaza, uzuieni. Anzeni na buluu iliyokolea ya mgongo, iacheni ikauke usiku kucha, kisha koo la rangi ya kutu. Rangi ya mafuta ya nyumba ikiwa mbichi, kutu huchanganyika na buluu na koo linakuwa tope. Nyuzi za mkia ni za mwisho: rangi iliyolainishwa, brashi nyembamba, mvuto mmoja kutoka shina hadi ncha. Ikiwa nzito, mvuto unakatika njiani, na ukiunga, mkia unakuwa fimbo.

Nimalizie na Mamba Muntu, ambaye wengi wenu mmeshamchora na kumuuza. Nusu mwanamke, nusu samaki, nywele ndefu, nyoka begani. Anatoa mali kwa sharti la siri, na katika masimulizi mengi malipo ni mtu wa ukoo. Siku hizi naona wachoraji wanaongeza mke na watoto wanaolia ufukweni ili picha ieleweke. Waondoeni. Picha hii hutundikwa sebuleni, ukutani juu ya viti. Mke na watoto wameketi chini yake.