Mita 345 Tu? Haya, Twende Wote

Mnanisikia? Upepo huu unameza sauti, ngoja nigeuke niupe mgongo. Haya, sasa. Onga mshi Wasambaa wenzangu, na wengine wote hamjambo huko nyumbani.

Leo siko mjini. Niko juu ya Winshield Crags, Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, magharibi ya Newcastle ninakoishi. Hiki kijiguzo ninachokiegemea ni cha wapima ardhi, na hapa ndipo mahali pa juu kuliko pote kwenye Ukuta wa Hadrian. Mita 345 kutoka usawa wa bahari.

Najua, najua. Nilipoitaja namba hiyo kwenye video iliyopita mlinicheka mpaka nikazima simu. Mjomba wangu wa Mlalo kaandika kwenye maoni, "Mita 345 kwetu ni kisima." Mjomba, shikamoo, na sibishi. Lushoto mjini penyewe, kwetu milimani Usambara, ni kama mita 1,400, na mtu aliyewahi kupanda kutoka Mombo, kule bondeni, kwa miguu hana cha kutishwa na Mwingereza. Lakini leo kamera nimeifunga kifuani, mtakimbia na mimi hatua kwa hatua, halafu jioni tutaongea vizuri.

Njia yenyewe iko hivi. Kaisari Hadrian wa Roma alifika Uingereza mwaka 122, na ukuta ukaanza kujengwa: kilomita 117, kutoka upande wa bahari ya mashariki mpaka wa magharibi. Kila baada ya maili moja ya Kirumi, yaani kama kilomita moja na nusu, waliweka ngome ndogo yenye lango, na kati ya ngome na ngome minara miwili. Kwa mkimbiaji hizi ni alama za bure. Wanaakiolojia wa zama zetu wamezipa namba, wakianza kuhesabu kutoka Wallsend, hapo hapo jirani na Newcastle. Hapa nilipo ni karibu na namba 40. Nikielekea mashariki namba zinashuka: 39, 38, 37. Nikipandwa na wazimu nisisimame, namba 1 itanikuta karibu na nyumbani miguu imevimba kama viazi. Leo naishia ngome kubwa ya Housesteads, mara tu baada ya 37. Kilomita tano au sita hivi. Twende.

Mteremko huu wa kwanza ni wa kudanganya. Nyasi laini, kondoo wanakutazama, unajiona bingwa. Ukifungua geti unalifunga nyuma yako, maana njia inakatiza kwenye malisho ya watu. Penye uzio usio na geti kuna ngazi ya mbao au ya mawe, unapanda unashukia upande wa pili. Na ukutani hupandi. Unakimbia pembeni yake. Mawe yale yamekaa miaka karibu 1,900, siyo wewe na raba zako uje uyang'oe.

Sasa tumefika Steel Rigg. Tazameni mbele. Mmeona mgongo ule wa mwamba ulivyokaa kama msumeno? Huo unaitwa Whin Sill. Ni uji wa mawe ya moto wa ardhini uliopenya katikati ya matabaka ya mawe, ukapoa, ukawa mwamba mweusi mgumu. Mawe laini ya kandokando yakaliwa na mvua na barafu, wenyewe ukabaki umesimama. Upande wa kaskazini ni genge la mwamba, upande wa kusini ni mteremko wa kawaida. Mrumi alipouona akasema Mungu ameshamjengea nusu, akaweka ukuta juu yake. Mjomba, hapo ndipo penye kazi. Unapanda mita 40, unashuka zote, unazipanda tena. Mlima wa kwetu ukishaupanda umeupanda. Huu kila baada ya dakika tano unakurudisha mwanzo.

Ngazi hizi za Peel Crags nazijua kwa makalio. Mwaka juzi nilizishuka na raba za lami zilizolika soli, mawe yamelowa, nikateleza ngazi nne nimekaa. Wakapita wazee wawili, umri wa babu zangu, na fimbo zao, wakaniambia, "Siku nzuri sana leo, eeh?" Mvua inanyesha! Kisha wakanimiminia chai kutoka kwenye chupa yao. Basi, ushauri ni mmoja: raba zenye meno. Hayo mengine, saa ya bei mbaya, miwani, sijui mkanda wa chupa, ni mapambo.

Namba 39 hii hapa, Castle Nick, imejibana kwenye pengo kati ya vilima viwili. Kuta zake mnaziona vizuri, vyumba vya askari vilikuwa pale. Nakunywa maji kidogo... twende.

Halafu hapa. Hapa huwa nasimama hata kama nakimbizana na saa.

Hili bonde, Sycamore Gap, mnalijua, mmeliona kwenye picha hata kama hamkujua ni wapi. Mti mmoja ulisimama katikati ya vilima viwili kama mtu anayesubiri basi. Waingereza wanauita sycamore. Wasomaji wa Biblia msikimbilie kwa Zakayo, ule mkuyu aliopanda Zakayo ni mti mwingine kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2023 walikuja watu wawili na msumeno wa injini, wakaukata, ukaangukia ukuta. Mimi nilipata habari nikiwa kazini zamu ya asubuhi, na mzee mmoja ninayemhudumia, ambaye kwa kawaida hata kifungua kinywa ananigombeza, alinyamaza kutwa nzima. Baadaye akaniambia alimchumbia mkewe chini ya mti ule. Mwaka 2025 mahakama iliwafunga wale wawili miaka minne na miezi mitatu kila mmoja. Wapo walioona ni mingi kwa mti. Mimi nimekulia jirani na msitu wa Magamba, sikuiona mingi.

Sogeeni karibu na kisiki. Mnaona machipukizi? Yalianza kutoka kiangazi cha 2024. Na miche 49 iliyooteshwa kutoka kwenye mti huo imegawiwa sehemu mbalimbali za nchi. 49 kwa sababu mti ulikuwa na urefu wa futi 49.

Tunapanda tena. Hapa... Highshield... ngojeni nipumue. Kulia malisho, kushoto hakuna kitu. Chini kabisa ni ziwa, Crag Lough. Hapa sikimbii, natembea, na anayetaka kunicheka anicheke. Mama yangu anaangalia video hizi.

Vidole sivisikii. Huko kusini, ng'ambo ya ile barabara, kuna Vindolanda, ngome iliyokuwepo hata kabla ya ukuta. Mwaka 1973 wachimbaji walianza kuokota humo vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino, barua za watu wa kambini. Moja inasema, kwa ufupi: nimekutumia soksi, jozi mbili za ndala na chupi mbili. Basi! Karibu miaka 1,900 na barua ya mtu aliye mbali na kwao ni ile ile. Mwaka wangu wa kwanza hapa dada yangu aliniletea vitenge viwili na dagaa. Nilivipenda sana, lakini nilichokuwa nahitaji ni soksi.

Namba 38, Hotbank. Kwa macho hakuna kitu, vituta vya nyasi tu, ila hapa palipatikana jiwe lenye jina la Hadrian na la gavana wake. Jiwe hilo si dogo, maana kwa karne nyingi watu waliamini ukuta huu ni wa Septimius Severus. Huyo naye alikuwa Kaisari, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo. Mwafrika mwenzetu. Alikuja na jeshi mwaka 208, akafia York mwaka 211. Kwa hiyo mtu akikuuliza Mwafrika ametafuta nini kwenye baridi hii, mwambie tulianza zamani.

Na hakuwa peke yake. Magharibi kule, ng'ambo ya Carlisle, kwenye ngome ya Burgh by Sands, karne ya 3 kilikaa kikosi cha Wamoori, askari wa Afrika Kaskazini. Jina la kikosi chao liko kwenye jiwe la madhabahu. Na huku mashariki, South Shields, kuna jiwe la kaburi la kijana Victor. Limeandikwa Mmoori kwa taifa, umri miaka 20, alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na askari wa farasi. Wakimbiaji mnaijua South Shields, ndiko inakoishia Great North Run, zile kilomita 21 ambazo Brigid Kosgei wa Kenya alizikimbia kwa saa 1:04:28 mwaka 2019. Mimi nilimaliza kwa saa mbili na dakika kumi na mbili, nikachechemea mpaka kwenye jiwe la Victor na medali shingoni. Amechongwa amelala kwenye kochi, kijana mdogo anampa kinywaji. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Haya, namba 37, na hii ndiyo ninayoipenda. Lango la kaskazini bado lina mawe ya upinde wake. Sasa chungulieni nje ya lango. Mnaona? Mteremko mkali! Mkubwa alisema kila maili lango, basi wakajenga lango, hata kama anayetoka atabiringika mpaka bondeni. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi serikalini amelielewa lango hili.

Kipande hiki cha msituni ndicho pekee unachoruhusiwa kutembea juu ya ukuta wenyewe. Na ile pale, Housesteads. Ngome ya askari kama 800, kikosi kilichoanzishwa pande za Ubelgiji ya leo. Ghala la nafaka, hospitali, nyumba ya kamanda, yote misingi yake ipo. Lakini mimi nawapeleka moja kwa moja chooni.

Msicheke. Angalieni akili hii. Ngome imejengwa kwenye mteremko, choo wakakiweka kwenye kona ya chini kuliko zote. Maji ya mvua yanakusanywa kwenye matangi ya mawe, yanapita kwenye mtaro wenye kina chini ya viti, yanasukuma kila kitu nje. Mtaro mwingine mdogo mbele ya miguu, wa kusafishia. Hakuna bomba, hakuna pampu, mteremko unafanya kazi yote. Ila hakuna kizuizi kati ya kiti na kiti. Mnakaa safu mbili mnatazamana, mnapiga soga. Mjomba, ungeweza?

Saa inasema dakika 58, pamoja na maneno yangu yote. Na magoti... jamani, magoti yanaongea. Hizo mita 345 mlizozicheka, miguu yangu inaapa ilizipanda mara nne.

Eeh, lile pale barabarani ni basi langu. Namba yake AD122, wameipa mwaka wa ukuta. Likiniacha nasubiri muda mrefu, na jasho limeanza kupoa mgongoni. Kutoka hapa hadi kituoni ni mteremko mtupu, lakini mrefu. Mjomba, shika simu vizuri usije ukaona kizunguzungu, nakimbia tena.