Chomoa Uzi Kwanza, Kisha Ukate

Mhadhara kwa kikundi cha akina mama, Moshi, mwanzoni mwa Desemba

Bwana Yesu asifiwe, mama zangu na dada zangu, na shikamooni wazee mliotangulia kukaa hapo mbele. Walionisikia mwaka jana wanajua nitakapoanzia, na nitaanzia hapo hapo, kwa sababu katika sikukuu iliyopita niliingia nyumba nyingi za mji huu nikayakuta yale yale: gunia zuri la kahawa limekatwa kwa kukisia, vibendera vimekwenda upande, na nyuzi zimetapakaa sakafuni kabla hata mkesha haujafika. Halafu mwenye nyumba ananiambia kwamba gunia halifai kwa mapambo na mwakani atanunua yale ya plastiki yanayong'aa. Gunia halina kosa. Kosa ni kulikata kabla ya kuchomoa uzi.

Kitambaa chochote kilichofumwa kina nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu, na nyuzi za mshindio zinazopita kati yake kwa upana. Mkasi haujui nyuzi hizo zimelala vipi. Rula na chaki hazijui pia, maana gunia lililobeba kilo 60 za kahawa, likarushwa juu ya lori na kuburutwa ghalani, limeshavutika huku na huku, na nyuzi zake hazikai tena sawa na pindo. Ukipiga mstari wa rula juu yake unakuwa umezikata nyuzi kwa mshazari, na uzi uliokatwa kwa mshazari hauna kinachoushika. Utachomoka mmoja, utafuata wa pili, na kibendera kitazidi kupungua kikiwa ukutani.

Marehemu mama yangu hakuingia darasa la ushonaji hata siku moja, lakini jambo hili alilijua kuliko sisi tuliofundisha sayansikimu kwa miaka mingi. Alikuwa akikaa kwenye kigoda kihambani, kivulini mwa migomba, gunia limelala magotini mwake, akaingiza ncha ya shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, chini ya uzi mmoja karibu na ukingo, akauinua kidogo, akaukamata kwa kidole gumba na cha shahada, akaanza kuuvuta bila haraka. Gunia lilikunjamana kuufuata uzi ule, naye kwa mkono wa pili aliyasukuma makunyanzi mbele kidogo kidogo, kama mtu anayesogeza pazia kwenye waya, mpaka uzi ukatoka mzima, mrefu kuliko mkono wake. Alipolinyoosha gunia na kuliinua kwenye mwanga, pale uzi ulipokuwa palibaki njia nyembamba iliyopenyeza jua, imenyooka kutoka pindo hadi pindo. Hapo ndipo aliporuhusu mkasi uguswe, nao ulipita katika njia ile bila kuyumba. Uzi ulipokatika katikati, hakukasirika: alikata hadi pale ulipokatikia, akaitafuta ncha yake kwa shazia, akaendelea kuvuta.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba hana muda wa kuchomoa nyuzi na watoto wanarudi kutoka Dar es Salaam wiki ijayo. Mama, mstari mmoja hauzidi dakika mbili au tatu, na nyuzi ulizochomoa hazitupwi, kwa kuwa ndizo utakazoshonea na kufungia, na rangi yake inalingana na kitambaa chenyewe bila kutafutwa dukani. Wewe uliyekata kwa haraka ndiye utakayekesha ukiokota nyuzi chini na kuvishona upya vibendera usiku wa tarehe 24.

Mwingine ataniuliza: kama nafuata uzi, pembetatu nitaipataje, na vibendera vya sikukuu ni vya pembetatu? Swali hili nalipenda. Usikate pembetatu. Kata kipande cha mstatili, upana sentimita 15 na urefu 20, pande zote nne kwa kufuata uzi. Kisha kigeuze, uzikunje kwa nyuma kona mbili za chini zikutane katikati, na uzishike kwa mishono michache. Kwa mbele utaiona ncha safi, na hakuna mshazari uliokatwa. Ukitaka matamvua, acha mstatili ulivyo, piga kwanza mshono mmoja wa mkono sentimita mbili kutoka ukingo wa chini, halafu chomoa nyuzi zote za upana zilizo chini ya mshono huo. Mshono utazizuia nyuzi zisiendelee kufumuka kwenda juu. Wengi huchomoa kwanza wakashona baadaye, na wakati huo matamvua yameshakula nusu ya kibendera.

Sasa nije kwenye neno lililoniuma mwaka jana. Dada mmoja alisimama akasema kwamba gunia ni vazi la matanga, na kwamba Maandiko yanataja magunia na majivu mahali pa kilio na toba, basi tunawezaje kulitundika nyumbani siku ya furaha? Ni kweli mfalme wa Ninawi alijivika gunia akaketi majivuni. Lakini ndugu zangu, kabla ya Krismasi tunayo Majilio, na Majilio ni majuma ya kujitayarisha na kutubu. Mimi hulitundika gunia peke yake kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, bila ua wala utepe, na jioni ya tarehe 24 wajukuu hufunga juu ya kila kibendera kipande cha pamba nyeupe, kwa sababu mtoto yule alivishwa nguo za kitoto akalazwa horini, mahali pa kulishia ng'ombe. Nyumba yangu haijawahi kuonekana ya msiba. Watoto wenyewe ndio wanaokumbushana siku ya kufunga vile vyeupe, na mwaka walipochelewa kufika walinipigia simu njiani kuniomba niwangojee.

Saa imekwenda, nami sijafika hata kwenye kufua, kwa hiyo mnivumilie niharakishe.

Gunia la juti lina vumbi, na mara nyingine lina harufu ya mafuta, kwa sababu nyuzi za juti hulainishwa kwa mafuta kiwandani kabla ya kusokotwa. Likung'ute nje, ulifue peke yake kwa maji baridi na sabuni, usilikamue, na usiliache limelowa usiku kucha, maana juti hudhoofika likiwa na maji. Lianike kivulini, na ulipige pasi lingali na unyevu. Pamba ni kinyume chake, haiogopi maji, lakini hunywea. Fua merikani kabla ya kuikata. Na merikani ndiyo pamba ninayoipenda kuliko zote kwa kazi hii, ile isiyopaushwa, yenye rangi ya maziwa, iliyopewa jina lake kwa sababu katika karne ya 19 ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani. Rangi ya udongo utaipata kwa kuichemsha katika majani ya chai, na ya dhahabu kwa maganda ya vitunguu pamoja na shabu kidogo.

Kanga kuukuu nazo ni nzuri, ila si zote ni pamba siku hizi. Chomoa uzi mmoja, uushike kwa koleo juu ya sahani yenye maji, uwashe ncha yake kwa kiberiti. Pamba na juti huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa plastiki huyeyuka na ukipoa huacha kidonge kigumu. Mifuko ya salfeti msiniletee kabisa, maana nayo ni plastiki.

Kwa shada la mlangoni tumieni kamba ya katani, yaani nyuzi za mkonge, kwa kuwa ni ngumu na hushika umbo la duara. Mkonge tunao wa kwetu tangu mwaka 1893, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, alipouleta, na hatuna sababu ya kununua kamba ya nailoni. Nyota za kujazwa pamba nilikusudia kuzionyesha leo, lakini zitangoja Jumamosi ijayo.

Moja siwezi kuliacha: gunia kavu hushika moto upesi. Umeme ukikatika, mshumaa ukae meza nyingine, mbali na kitambaa chochote kinachoning'inia.

Magunia yako pale mlangoni, nimeshayafua. Kila meza ichukue moja na shazia mbili. Mshono wa ubavuni ufumueni bila mkasi: kateni fundo, mvute uzi, na mkiupatia upande wake utatoka wote kwa mvuto mmoja. Ukigoma, geuzeni gunia muanzie upande wa pili.