Kuloa ni Jambo Moja, Kunuka ni Jingine

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja kusikiliza habari za makwapa. Ni mada ambayo watu huinong'ona, basi leo tuiseme kwa sauti ya kawaida.

Nadhani wengi mliomo humu mmewahi kuacha deodoranti mliyoizoea mkahamia ile inayoitwa ya asili, na baada ya siku chache mkarudi mlikotoka mkisema haifanyi kazi. Mimi nasema mara nyingi ilikuwa inafanya kazi. Ila mlikuwa mnaidai kazi isiyo yake.

Tuanze na jasho lenyewe. Mwili una tezi za jasho kama milioni 2 hadi 4, na karibu zote zinamwaga maji yenye chumvi ili ngozi ipoe. Maji hayo hayanuki. Lakini kwapani na kinenani ziko tezi za aina ya pili, ambazo hulala utoto mzima zikaamka mtu anapobalehe. Hizi hutoa kitu kizito kidogo, chenye mafuta na protini. Nacho kikitoka hakinuki! Kikwapa huja pale bakteria wanaoishi kwenye ngozi wanapokivunjavunja. Mmoja wao, Staphylococcus hominis, amefuatiliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, hadi wakakipata kimeng'enya anachotumia. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2020. Kinachobaki baada ya kazi yake ni kemikali zenye salfa, na pua ya binadamu huzinasa hata zikiwa chache mno.

Kwa hiyo yako mambo mawili, majimaji na harufu, na kila moja lina bidhaa yake. Kizuia jasho kina chumvi za alumini. Zikikutana na jasho hugeuka utando mzito unaoziba mdomo wa kifereji. Deodoranti tupu haizibi kitu, inapunguza bakteria au inafunika harufu. Sheria ya Marekani inazitenga kabisa: kizuia jasho huhesabiwa kuwa dawa, deodoranti huhesabiwa kuwa kipodozi. Kinachotuchanganya ni kwamba kopo moja mara nyingi hubeba zote mbili.

Sasa bidhaa ya asili, karibu kila mara, ni deodoranti tupu. Ukihamia huko umeondoa kizibo, na utaloa. Utaloa wiki hii na mwakani utaloa, kwa sababu kwapa ndivyo lilivyoumbwa. Anayekuahidi kwamba mwili utazoea na jasho litakoma lenyewe ana kitu anakuuzia. (Na hata kizuia jasho msikisifu kupita kiasi: kiwango cha chini kinachotakiwa huko Marekani ni kupunguza jasho kwa asilimia 20 tu.)

Kwa nini watu wanahama? Wengi wamesikia kuhusu saratani ya matiti. Mwaka 2002 watafiti wa Seattle walichapisha matokeo yao baada ya kuwahoji wanawake 813 waliokuwa na saratani hiyo na 793 wasiokuwa nayo, wasione uhusiano wowote na vizuia jasho. Mwaka 2004 ukatoka utafiti uliokuta parabeni, kemikali za kuhifadhi vipodozi visiharibike, kwenye vipande 20 vya uvimbe wa matiti, nao ukazua kishindo. Lakini haukupima matiti yenye afya ili kulinganisha, na kukuta kitu mahali si kuthibitisha kwamba ndicho kilicholeta ugonjwa. Hofu hiyo, kwa maoni yangu, haijapata mguu wa kusimamia. Ziko sababu nyingine nzuri tu: ngozi inayowasha, madoa ya njano kwenye mashati meupe, au mtu hapendi tu kuzibwa. Hizo zinatosha.

Vivyo hivyo kuhusu kupaka udongo ili "kusafisha sumu" za kwapani. Kwapa si ghala la sumu. Kazi ya kuondoa taka mwilini inafanywa na ini na figo.

Hata hivyo, maneno ya kipindi cha mpito, kwamba kwapa huhitaji muda wa kuizoea deodoranti ya asili, yana chembe ya ukweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanyika North Carolina, ulionyesha kwamba wanaotumia vizuia jasho wana bakteria wachache kwapani, na wakiacha kwa siku chache idadi inapanda. Aina za bakteria nazo zilitofautiana na za watu wasiopaka kitu chochote. Kwa hiyo mwanzoni harufu inaweza kubadilika, wakati mwingine kuwa mbaya zaidi. Ipe deodoranti yako mpya wiki chache kabla ya kuihukumu.

Ila upele usiuvumilie. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Bidhaa nyingi za asili zina soda ya kuokea. Ngozi yenye afya ina tindikali kidogo, pH yake (kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi) ni kama 4.5 hadi 5.5, na soda hiyo iko juu ya 8. Ukiipaka kila asubuhi, kwa wengine ngozi inakuwa nyekundu, inachubuka, inawaka. Mtu anajipa moyo kwamba sumu zinatoka. Hakuna sumu inayotoka, ni ngozi inayoungua, na dawa yake ni kuacha. Tafuta yenye hidroksidi ya magnesi au zinki, ambazo kwa wengi ni pole zaidi. Mafuta ya mimea yenye manukato nayo huleta mzio kwa baadhi ya watu, hata kama yametoka kwenye ua zuri namna gani. Na wale waliokimbia alumini wakaenda kununua jiwe la shabu, poleni: shabu ni chumvi ya alumini.

Mengine ni mepesi. Oga kwa sabuni, jikaushe sawasawa, paka kwenye ngozi kavu. Kupunguza nywele husaidia. Nguo zinastahili lawama kuliko tunavyodhani: watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2014 kwamba fulana za poliesta zilizovaliwa mazoezini zilinuka vibaya kuliko za pamba, kwa kuwa zilikuza bakteria wengine.

Mwenye ugonjwa wa figo azungumze na daktari kabla ya kutumia kizuia jasho. Anayekwenda kupigwa picha ya matiti asipake chochote siku hiyo, maana chembe za alumini zinaweza kuonekana kwenye picha kama madoa ya kutiliwa shaka. Na yule ambaye jasho linamchuruzika hata akiwa ametulia mahali pa baridi, huyo simshauri ahame hata kidogo. Hali yake inatibika, na chumvi za alumini ni miongoni mwa tiba za kwanza anazopewa.